Mtu Aliyepima Mashine kwa Miguu

Kabla ya kukaa kwenye kiti chochote, Mukubwa aliinama kwanza akaangalia chini yake. Sikuwahi kujua alitafuta nini. Viti vyetu vilikuwa vya plastiki, na chini yake unapaona hata ukiwa mlangoni, lakini yeye aliinama, akahakikisha, ndipo akakaa, mgongo ukutani, kofia ya pikipiki magotini. Chai aliinywa ile tu aliyoiona ikimiminwa. Kamera ya kompyuta yake aliifunika kwa sparadrap, ile plasta ya vidonda ya dispensari, na siku nilipomuuliza anamficha nani, alinijibu bila kucheka: "Kama ningemujua, ningefunika uso yake, hapana ya mashine."

Nilifanya kazi naye miaka sita, na katika miaka hiyo nilimshuku yeye kuliko yeye alivyoishuku dunia. Naliweka hili mbele mapema ili nisije nikaonekana mtakatifu.

Tulitunza mashine za muungano mmoja wa maternité, yaani vituo vya kujifungulia, na hospitali ndogo, kutoka Butembo hadi Beni na vituo vya afya vya njia ya Eringeti. Mimi nilikuwa Butembo, katika ofisi yetu ya Kimemi, yeye Beni. Ndani ya mashine zile mlikuwa na mambo mengi, lakini lenye uzito lilikuwa moja, daftari la damu: friji gani ina mifuko mingapi, ya kundi gani, na nani yuko tayari kutoa akiitwa. Muuguzi wa Beni mwenye mama anayevuja damu hufungua skrini, huandika kundi, huona. Akiona, kuna matumaini. Asipoona, kompyuta zetu zote zilizobaki ni mapambo.

Umeme aliuita mgeni. "Courant ni mugeni," alisema, "hapana muulize atafika saa ngapi, muulize ataenda saa ngapi." Muuzaji akimwonyesha kifaa kipya na kukisifu, alimwacha amalize, kisha akasema, "Umenionyesha vile inatumikaka. Sasa unionyeshe vile inakufaka." Wengi walikusanya vifaa vyao wakaenda. Mmoja tu alikaa, akaangusha betri yake sakafuni mbele yetu, na Mukubwa akaichukua betri ile na kumshukuru kwa Kinande, "Wasingya, wasingya," kama mtu aliyepewa mbuzi.

Usidhani basi alikuwa mgumu kwa kila jambo. Pikipiki yake alimwazima mtu yeyote aliyeiomba, hata asiyemfahamu vizuri. Diski zenye nakala za kazi yetu yote alizifunga katika kitenge na kumkabidhi dereva wa lori aliyekutana naye asubuhi hiyo hiyo, wakati bahasha ya Directeur, mkuu wa muungano, aliifungua kwa kisu, mbali na uso. Nilimuuliza mara moja hesabu ya mambo haya ikoje. Akasema dereva akipoteza diski, kila mtu wa barabara ile atajua jina lake kabla ya jua kutua, "mais Directeur akipoteza kitu, tunaandika rapport."

Na alitembea. Hii ndiyo tabia niliyoidharau kuliko zote. Ukimwambia mashine itawekwa mahali fulani, hakuuliza kwanza juu ya mtandao wala joto la chumba. Aliuliza mwenye ufunguo analala wapi, kisha akaenda kwa miguu kutoka kwa mtu huyo hadi mashine ilipo, akihesabu hatua, akaandika katika kijitabu chenye jalada la nailoni. Vijana wa ofisi walimwita mpimaji wa viwanja, na mimi nilicheka pamoja nao.

Basi ikafika siku ya kuchagua. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka masomo ya Kampala na elimu mpya, na kichwa changu kilikuwa juu. Programu zetu tulikuwa tumezifunga kila moja katika kasha lake, na sasa tulihitaji kundi la mashine litakaloyapanga makasha hayo: hili likae mashine hii, lile mashine ile, na mashine moja ikifa, makasha yake yahamie kwa wenzake bila mtu kuamka kitandani. Swali lilikuwa kundi hilo tuliwekeje. Kukodi mashine za ng'ambo, wenyewe watutunzie? Kuweka kundi moja lililonyooshwa kutoka Butembo hadi Beni? Au kila mji uwe na kundi lake dogo?

Nilitaka la pili. Mashine kuu tatu, mbili Butembo na moja Beni, zikiongea kwa antena za mlimani. Sheria yake ni nyepesi: mbili zikikubaliana, kazi inaendelea, hata ya tatu ikizima. Daftari la damu nalo nililifunga kwa sheria hiyo hiyo, ili pasiwe na orodha mbili zinazopingana. Nilichora picha kwa rangi nne. Directeur aliipenda, maana wafadhili walipenda neno "moja".

Mukubwa alikaa karibu na mlango, akanyoosha kidole.

"Mashine ya pili ya Butembo inakaa wapi?"

"Kwa commerçant mumoja mwenye duka pale centre-ville, katikati ya muji, kwa étage ya juu," nikasema. "Iko na panneaux mingi za jua, iko na batterie. Courant haikatikake kule."

"Nani anafungaka disjoncteur, ile swichi kubwa ya courant?"

"Hakuna mutu, Mukubwa."

"Commerçant wa Butembo anafunga magasin, anaacha courant ndani? Haogopake moto?"

"Tulisikilizana naye. Anajua."

"Yeye anajua. Sentinelle yake, ule mulinzi wa mulango, anajua?"

Watu wakaanza kucheka chini chini. Hakuwatazama. Akauliza tena, "Na siku ya ville morte, muji yote ikifungwa kwa mugomo, nani anafika pale na miguu?"

Directeur akagonga meza kwa kalamu. "Mukubwa, ville morte ni mambo ya politique. Hapa tunazungumuza mashine."

"Miye pia nazungumuza mashine," akasema. "Ile ya kukodi siikatae juu ni mubaya. Ni muzuri, mais iko mbali, na kamba yetu ya internet ni moja. Hii ya Madame l'ingénieur, Kahindo hapa, ni muzuri pia, mais inaombaka ruhusa. Beni ikuwe na kundi yake, ndogo. Butembo yake. Zikuwe zinapashana habari kama ndugu. Moja ikianguka, ingine ijitumikie, hapana kuuliza mutu."

Nilimpinga mbele ya wote. Nilisema makundi mawili ni kazi mara mbili, na daftari mbili zitakuja kusema mambo mawili. Na hapo sikuwa nimekosea kabisa. Lakini lililokuwa moyoni sikulisema: niliona anataka Beni iwe shamba lake, pasiwe na mtu wa Butembo wa kumwangalia. Mtu anayeshuku kila kitu, nilijiambia, bila shaka anajua mwenyewe ni kitu gani anaficha. Kura zilihesabiwa, nikashinda. Yeye akafunga kijitabu chake, na wiki iliyofuata akaja kufunga mashine zangu kwa mikono yake, kwa usafi ambao hata mimi nisingeuweza.

Ndipo nilipogundua lile jambo la saa kumi na moja. Kila jioni isipokuwa Jumapili, mashine ya Beni ilisoma daftari la damu lote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kulitoa nje. Nilitafuta ni nani, nikakuta ni yeye. Majina, simu, mitaa, makundi ya damu. Kwetu orodha ya majina ina uzito wake. Watu wameishi vya kutosha kujua orodha inaweza kufika mikononi mwa nani. Na sheria ya muungano ilikataza nakala yoyote nje ya mashine. Moyo wa mtu ni msitu, nikasema, na msitu huu nimeuona mwanzo wake.

Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza. Ilikuwa jambo la dakika moja. Badala yake niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Directeur, nikaomba jina langu lisitajwe.

Mukubwa alipoitwa Butembo, Directeur alitaka niwepo kama mtu wa ufundi. Nilikaa pale nikishika kalamu.

"Nani anakopiaka registre ya damu?"

"Ni miye."

"Unapelekaka wapi?"

"Siseme."

"Mukubwa, unajua sheria inasema nini?"

"Najua. Njo maana siseme."

Hakupandisha sauti. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani mmoja mmoja, akitaja mlango wa kila mmoja. Mlangoni Mukubwa alinigeukia mimi, akaniambia nimwangalie sentinelle wa antena ya mlimani, kwa kuwa hununua mafuta ya jenereta ya siku kwa siku. Nilidhani ananipoteza maboya. Akashuka ngazi, akahama Beni, akabadilisha namba ya simu, na hilo la namba likanithibitishia kwamba nilikuwa sahihi.

Miezi mitatu baadaye ilitangazwa ville morte, Butembo na Beni. Mtu wa hapa huwa haiandiki siku kama hiyo popote, kama asivyoiandika mvua. Unajua tu: maduka yamefungwa, pikipiki za abiria hazitembei, mawe barabarani, unakaa nyumbani na kuchambua maharage. Mimi niliyezaliwa humu, niliyeikaa siku hiyo mara nyingi kiasi hicho, niliipanga mitambo yangu kana kwamba mji huu haufungiki.

Yule commerçant alikuwa amewaambia watu wake jioni ya kuamkia siku hiyo wafunge kila kitu. Sentinelle wake akafunga kila kitu, na disjoncteur kwanza, kama afanyavyo kila sentinelle wa mji huu anayeogopa moto. Mashine ya pili ikazima. Asubuhi, mlimani, jenereta ya antena ikamaliza mafuta ya jana, na ya leo hakuna aliyeuza. Mawasiliano kati ya Butembo na Beni yakakatika. Ikabaki mashine moja ofisini kwetu Kimemi na moja Beni, zote nzima, kila moja ikimsubiri mwenzake akubali, na daftari limefungwa kwa sheria yangu mwenyewe.

Nilitoka nyumbani kwa miguu hadi ofisini. Nilijaribu kuilazimisha mashine ijifungue peke yake, na ndiyo kwanza nilikuwa nasoma namna ya kufanya hivyo. Simu za kawaida zilipita kwa kukatikakatika. Akanipigia Mama wa Damu, yule muuguzi anayesimamia friji ya damu Beni.

"Kahindo, skrini inakataa. Niko na mama hapa, alizaa, damu haisimame. Ni O négatif. Kwa friji yangu hakuna."

"Mama, unipatie nusu saa."

"Huyu mama hana nusu saa, mwana yangu." Simu ikakatika.

Nilikimbia hadi kwa yule commerçant. Sentinelle alinisikiliza nyuma ya lango, kwa heshima zote, akasema, "Patron alisema leo hakuna mulango inafunguka." Nililia. Nilimtukana pia, naye hakuwa na kosa lolote. Nilikaa chini kwenye ngazi za duka lile nikiwaza mwanamke nisiyemjua, na nilijua vizuri ni nani aliyemfungia mlango.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Beni. Mama wa Damu alinipeleka kwenye chumba chake, akafunga mlango, akafungua droo. Akaniwekea mezani karatasi tatu.

Lilikuwa daftari la damu, la miezi mitatu nyuma. Upande wa mifuko haukuwa na maana tena, mifuko hutumika na kuisha. Lakini upande wa watoaji, kundi la damu la mtu halibadiliki. Na majina hayakupangwa kwa herufi. Kando ya kila jina palikuwa na namba, kwa kalamu: hatua mia mbili na kumi, hatua mia sita, hatua elfu moja na mia moja. Alikuwa amekwenda kwa miguu kutoka maternité hadi nyumba ya kila mmoja wao, kundi kwa kundi, na kumweka juu anayeweza kufika wakati hakuna kinachotembea.

"Kila jioni alikuwa ananileteaka mpya, ya zamani anachoma," Mama wa Damu akasema. "Aliniambia nisionyeshe mutu, juu kama bataona, ni miye bataondosha kwa kazi. Siku balimuita kule, nilimutumia ujumbe aseme ukweli, aseme ni ya kwangu. Hakunijibu."

Nikatazama ukurasa wa O négatif. Jina la kwanza lilikuwa lake. Hatua sitini. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya ukuta wa maternité, chumba ambacho mimi siku zote nilisema amekichagua ili ailinde mashine isiguswe na mtu.

"Nilikimbia kupiga kwa mulango yake," akasema. "Nilisahau kama balimufukuza. Nilipiga na ngumi mbili. Kisha nikakumbuka."

Wa pili alikuwa amehama. Wa tatu alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa mtaa wa pili, aliyekuwa nyumbani kwa kuwa malori hayakutembea siku hiyo. Alikuja na sandali, mbio, na kutoa mkono kabla ya kuambiwa. Mama yule alipona. Mtoto naye.

Sikumwambia Mama wa Damu juu ya barua. Nilikula ugali wake na sombe ya majani ya muhogo, nikarudi Butembo. Nilipambana mwaka mzima na Directeur na wafadhili hadi wakakubali makundi mawili, Beni peke yake, Butembo peke yake, yakipashana habari. Kila nilipoulizwa wazo hili ni la nani, nilisema, la timu.

Mashine mpya zilipita Kasindi, mpakani. Nilishuka kuzipokea, nikakuta zimezuiwa kwenye depo ya agence moja ya forodha: mpaka mzee wao azikague, wakaniambia, maana makasha mengine hufika na matofali ndani. Nikangoja kati ya malori na wabadilishaji wa fedha. Nilisikia sauti kabla ya kumwona.

"Ngapi Butembo, ngapi Beni?"

Alikuwa amekonda, koti la mvua limempwaya. Nikasimama.

"Tatu, tatu, Mukubwa."

Alizigonga mashine moja moja, akisikiliza. "Nani alipanga vile?"

"Ni weye ulipanga. Miye nilichelewa."

Akaguna. Nikamweleza siku ya ville morte yote, disjoncteur, antena, nusu saa. Hakuwa amesikia. Hakuna aliyemtafuta kumwambia, na yeye hakumwachia mtu namba. Nilipofika kwenye karatasi aliacha kugonga.

"Alipona?"

"Alipona. Na mutoto."

"Nani alifika?"

"Wa tatu. Ule chauffeur."

"Juu wa kwanza hakukuwako," akasema. Aliketi juu ya sanduku, akapangusa mikono kwa koti muda mrefu. "Miaka mbili najiuliza ni nani alinisema. Directeur nilimufikiria mwezi muzima. Mama wa Damu, Mungu anisamehe, yeye pia. Kisha mudogo yangu, tumbo moja. Tulikuwa tunakaa naye ile chumba, yeye tu njo alionaka zile karatasi. Nikamufukuza. Alilia, nikasema analia juu nimemujua. Mama yetu alikufa mwaka jana. Kwa maziko tulisimama kila mutu upande yake ya kaburi."

Lori moja lilikuwa linarudi nyuma kwa kelele. Alisubiri lipite.

"Mais weye, Kahindo, hata siku moja. Ulikuwa unanipingaka mbele ya batu. Nilisema, mutu anakupinga mbele ya batu, haendake kwa nyuma."

Nilitamani lori lile lirudi. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, ningeirudia barabara ya Butembo na mashine zangu sita na heshima yangu, na angekufa akiniamini.

"Ni miye, Mukubwa. Niliandika barua. Nikaomba jina langu isitajwe."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinitazama kama anavyotazama kifaa asichokijua, kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu yake ndogo, akatafuta jina polepole kwa kidole gumba. Akabonyeza, akaninyooshea.

"Umuambie mudogo yangu, weye," akasema. "Miye hatanisadiki."

Simu iliita mara nne. Sauti ya mwanamume, yenye usingizi kidogo, ikasema, "Allô? Ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.